Mtunzi Aliyekufa Kabla ya Kuzaliwa

Mwaka 1976 kampuni ya Random House ya New York ilichapisha wasifu wa mtunzi wa muziki aitwaye P.D.Q. Bach. Kitabu kina picha, tanbihi na orodha ya kazi za marehemu, kimepangwa kisomi kuanzia jalada hadi jalada. Ila mhusika wake hakuwahi kuvuta pumzi hapa duniani. Alibuniwa na Peter Schickele, Mmarekani aliyezaliwa Ames, Iowa, mwaka 1935 na kufariki Januari 2024, mtunzi wa kweli aliyesoma na kufundisha katika chuo cha Juilliard. Kwa miongo kadhaa Schickele alipanda majukwaani akijiita profesa wa chuo kisichokuwepo, akidai amefukua miswada ya mtoto aliyesahauliwa wa Johann Sebastian Bach.

Je, ni halali kumtungia mwanamuziki maisha ya uongo ili watu wacheke? Swali hili nimeliweka mbele ya sauti tatu: mtangazaji wa vichekesho redioni, mwalimu wa historia, na mzee mpiga fidla wa taarabu. Usimamizi nimejipa mwenyewe.

MSIMAMIZI: Mtangazaji, hoja ni yako. Ianzishe.

MTANGAZAJI: Shikamoo mzee. Mwalimu, habari za kazi. Mimi naanza na hesabu. Bach wa kweli alizaa watoto 20 kwa wake wawili. Schickele akasema P.D.Q. ni mtoto wa 21 kati ya hao 20. Ukitazama majalada ya santuri zake, miaka ya maisha yake imeandikwa 1807–1742, halafu pameongezwa alama ya kuuliza. Yaani bwana huyu alikufa miaka 65 kabla hajazaliwa! Sasa niambieni, nani hapo amedanganywa? Mtapeli hachori picha ya ngedere kwenye noti yake bandia. Schickele amemchora ngedere mkubwa, tena akamvisha kofia.

MZEE MPIGA FIDLA: Marahaba, mwanangu. Na muziki wenyewe je? Maana kuchekesha kwa miaka ni kazi ya karani.

MTANGAZAJI: Muziki ndio utamu wenyewe, mzee. Kuna kazi iitwayo Concerto for Horn and Hardart. Horn & Hardart ilikuwa kampuni ya migahawa huko New York na Philadelphia, ambako mteja alitumbukiza sarafu, akafungua kidirisha, akachukua kipande chake cha keki. Schickele akageuza jina la mgahawa kuwa jina la ala. Akavumbua pia ala ya tromboni iliyovikwa mdomo wa basuni, na filimbi iliyoundwa kwa mabomba ya maji machafu. Katika okestra nzima yenye watu waliovaa suti nyeusi, anasimama mtu mmoja anapuliza bomba la choo, na kiongozi wa okestra hacheki hata kidogo.

MZEE MPIGA FIDLA: Anapatia sauti?

MTANGAZAJI: Anapatia, mzee. Hapo ndipo watu wanapovunjika mbavu. Na yeye mwenyewe Schickele alikuwa na mazoea ya kuchelewa onyesho. Okestra imekaa, watu wanatazamana, mara anatokea roshanini na kushuka jukwaani kwa kamba, nguo zimemkaa upande.

MSIMAMIZI: Mwalimu, naona unaandika tu.

MWALIMU: Nimecheka, sikatai. Lakini kicheko hakinizuii kuuliza anachekwa nani. Maisha ya P.D.Q. yamegawanywa vipindi vitatu: cha kwanza cha kujitosa, cha pili cha ulevi, cha tatu cha toba. Mbona lazima awe mlevi? Ukimbuni daktari asiyekuwepo, unampa wagonjwa. Ukimbuni mwanasheria, unampa kesi. Ukimbuni mwanamuziki, unampa chupa. Dhana hii inawaumiza watu walio hai. Muulize mzee hapa.

MZEE MPIGA FIDLA: Ni kweli. Nilipopeleka posa, baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Haya, ukiacha hiyo fidla, kazi yako nini?" Na mimi fidla ndiyo kazi. Usiku wa harusi ya binti yake mwingine alituma niitwe nikapige, akaniambia nile kwanza kabla ya wageni. Ndiyo heshima yetu hiyo: tunahitajika, hatutamaniki.

MTANGAZAJI: Lakini mzee, huoni kwamba Schickele anakejeli dhana hiyo hiyo? Waandishi wa wasifu wa watunzi wakubwa wa Ulaya ndio waliozoea kugawa maisha ya mtu vipindi vitatu, kama Beethoven alivyogawiwa: cha mwanzo, cha kati, cha mwisho. Schickele amechukua kabati lao lile lile akapanga ndani yake chupa. Kazi za Bach zina namba za BWV, za Mozart zina namba za Köchel, basi naye akazipa za P.D.Q. namba za S., yaani Schickele. Kazi yake ya kuiga 1812 ya Tchaikovsky inaitwa 1712 Overture, na namba yake ni S. 1712. Anayechekwa ni yule msomi anayedhani kumpa mtu namba ni kumfahamu.

MWALIMU: Hapo nakupa alama. Lakini bado nina shauri zito zaidi. Umesema P.D.Q. alizaliwa mwaka gani ukiigeuza ile miaka?

MTANGAZAJI: 1742, Leipzig.

MWALIMU: Mwaka 1742, mwezi Februari, Leipzig, Bach alipata mtoto kweli. Alikuwa wa mwisho, kitinda mimba. Jina lake Regina Susanna. Baba alipofariki mwaka 1750 alikuwa na miaka minane. Mama yake, Anna Magdalena, alifariki mwaka 1760 akiishi kwa sadaka. Binti hakuolewa. Kufikia mwaka 1800 alikuwa ndiye mtoto pekee wa Bach aliyebaki hai, na alikuwa fukara kiasi kwamba Friedrich Rochlitz, mhariri wa gazeti la muziki la Leipzig, aliandika kuwaomba wasomaji wamchangie. Beethoven alipopata habari alijitolea kuchapisha kazi moja ili mapato yamfikie. Akafariki mwaka 1809. Sasa bwana Mtangazaji, huyo kitinda mimba wa kubuni ana kitabu, ana santuri, ana tuzo. Kitinda mimba wa kweli ana nini? Kiti chake kimekaliwa na kikaragosi.

(Kimya kidogo. Mtangazaji anakuna kichwa.)

MTANGAZAJI: Mwalimu, naomba nikuulize bila utani. Habari za Regina Susanna ulizijua lini?

MWALIMU: Nilizitafuta baada ya kuipata mada ya mjadala huu.

MTANGAZAJI: Ulizitafuta ili iweje?

MWALIMU: Ili nikukosoe.

MTANGAZAJI: Basi mzaha umekwisha kufanya kazi yake! Bila P.D.Q. usingefungua ukurasa huo. Mtu aliyebuniwa amekupeleka hadi mlangoni kwa aliyesahauliwa.

MWALIMU: Amenipeleka mimi, kwa kuwa ni kazi yangu. Waliocheka ukumbini walirudi nyumbani kulala.

MSIMAMIZI: Mzee, hebu tupatanishe, au tuchochee.

MZEE MPIGA FIDLA: Mimi nitasema ya fidla, maana ndiyo niijuayo. Wanafunzi wa fidla duniani kote wana kipande kimoja wanakipenda, Praeludium na Allegro. Kwa miaka mingi kiliandikwa kwamba ni cha Pugnani, Mwitaliano wa karne ya 18, na kimepangwa tu na Fritz Kreisler. Kreisler, mzaliwa wa Vienna, alikuwa mpiga fidla mkubwa wa zama zake. Alikuwa na vipande vingi vya aina hiyo, hiki cha Pugnani, kile cha Couperin, kingine cha mwingine. Mwaka 1935 akasema wazi: vyote nimetunga mwenyewe. Mhakiki Ernest Newman wa Uingereza akamjia juu. Wengine wakacheka. Mimi nauliza, tofauti yake na huyu Schickele ni nini? Wote wawili wametunga muziki wakaubandika jina la mtu mwingine.

MTANGAZAJI: Kreisler hakuacha alama. Aliyenunua nota alinunua jina la Pugnani akiamini ni la Pugnani.

MZEE MPIGA FIDLA: Eh, umesema. Lakini ujue pia Kreisler aliogopa. Kijana anayepiga fidla akijaza onyesho zima kwa tungo zake mwenyewe, watasema anajisikia. Akajificha nyuma ya marehemu. Simwungi mkono, ila namfahamu. Hata sisi kwenye taarabu, kijana akileta wimbo mpya, wazee humwuliza kwanza: "Umeupata kwa nani?" Akisema ni wake, wanasonya. Akisema kauokota kwa bibi yake, wanamwambia haya, piga tusikie.

MWALIMU: Basi tukubaliane kuna uongo wenye alama na uongo usio na alama. Na usio na alama ukipandishwa mahali pa kuaminiwa, unakuwa sumu. Tarehe 5 Juni 1961, BBC ilitangaza kazi ya mtunzi kijana wa Kipolandi aitwaye Piotr Zak. Hakukuwa na Zak wala utunzi. Hans Keller na Susan Bradshaw, wote wawili watu wa muziki wenye kuheshimika, walikuwa wameingia studio wakagongagonga ala ovyo. Wahakiki wa magazeti wakakaa wakaandika maoni yao juu ya Zak.

MTANGAZAJI: Waliusifu?

MWALIMU: Hapana, waliuponda. Ila waliuponda kama utunzi. Hawakujua kwamba hakuna aliyetunga.

MTANGAZAJI: Basi masikio yao yalikuwa mazima, wakuu! Kosa lao liko wapi? Walisikia kelele wakasema ni mbaya.

MWALIMU: Kosa si lao peke yao. Kituo kilichosema "huyu ni mtunzi" ndicho kilichowadanganya. Na kuna kisa kikubwa kuliko hicho. Mwaka 1980 ilitoka kamusi kuu ya muziki kwa Kiingereza, ya Grove, juzuu 20. Ndani yake mlikuwa na habari za mpiga filimbi na mtunzi wa Denmark aitwaye Dag Henrik Esrum-Hellerup. Jina la ukoo limeungwa kwa majina ya sehemu mbili za Denmark. Mwandishi wake, Robert Layton, alikuwa amelipenyeza kwa mzaha. Mhariri mkuu, Stanley Sadie, alipogundua alimwondoa katika matoleo yaliyofuata. Mzaha wa mtu mmoja, lakini fikirieni mwanafunzi wa mbali aliyeazima juzuu moja maktaba, hana nyingine ya kulinganishia. Yeye atajuaje? Kwake kamusi ndiyo kauli ya mwisho. Mzaha huu wanaufahamu walio ndani ya chumba tu. Aliye nje ya dirisha anabaki na uongo.

MTANGAZAJI: Hapo Mwalimu nakuvulia kofia. Mahali pa mzaha ni sehemu ya mzaha. Schickele alikuwa jukwaani, amening'inia kwenye kamba. Layton alikuwa ndani ya kamusi.

MSIMAMIZI: Hebu tuje karibu na nyumbani. Tumesema ya watu wasiokuwepo. Na wale waliokuwepo, tukawatungia?

MZEE MPIGA FIDLA: Abunuwasi! Watoto wetu wote wanamjua. Kamwangusha sultani, kamwuzia mtu nyumba akabaki na msumari wake ukutani. Nani anajua kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi hasa, wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, na Waarabu wanamhesabu miongoni mwa washairi wao wakubwa? Pwani yetu imemchukua mshairi ikamfanya mjanja. Karne kumi na mbili zimepita tangu afe na sisi bado tunamtungia visa vipya.

MTANGAZAJI: Na hakuna aliyeumia, mzee.

MZEE MPIGA FIDLA: Mashairi yake yameumia. Nani pwani hii anayajua?

MWALIMU: Niongeze mwingine. Wilhelm Friedemann, mtoto mkubwa wa kiume wa Bach, alikuwa mtu kweli na mpiga kinanda hodari. Alikufa Berlin mwaka 1784 akiwa maskini. Mwaka 1858 Albert Emil Brachvogel akamwandikia riwaya iliyomfanya mtu wa misukosuko na uzururaji. Riwaya ikapendwa, na mwaka 1941 ikazaa filamu Ujerumani. Kwa watu wengi Friedemann wa riwaya ndiye aliyebaki. Linganisheni: P.D.Q. anachekesha na hana wa kumdhulumu, lakini Friedemann alidhulumiwa na kitabu kisichochekesha hata kidogo. Sasa naanza kuona kwamba hatari haiko kwenye kicheko.

MTANGAZAJI: Iandikwe hiyo! Mwalimu amesema.

MWALIMU: Usikimbilie ushindi, bado. Nataka tuseme juu ya Bi Kidude.

MZEE MPIGA FIDLA: Mungu amrehemu.

MWALIMU: Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013. Karibu kila habari iliyoandikwa juu yake ilianza na umri. Mara 100, mara zaidi ya 100, kila mwandishi akiongeza chake, na hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hata filamu ya mwaka 2006 iliyomhusu imebeba mzaha wa umri kwenye jina lake. Kisha sigara, kisha kutembea peku. Mwandishi akimaliza hayo, ukurasa umejaa. Ngoma ya msondo aliyoipiga akiwa ameifunga kiunoni, unyago aliowafunda wasichana wa Unguja miaka na miaka, sauti ile nzito isiyofanana na nyingine, vyote vinabaki mstari mmoja chini. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa sababu ya kazi, wala si kwa kuishi muda mrefu.

MTANGAZAJI: Lakini yeye mwenyewe aliupenda utani huo. Akiulizwa umri alikuwa anawachezea waandishi.

MWALIMU: Ni haki yake! Maisha ni yake. Kama Sun Ra wa Marekani, aliyezaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1914 kwa jina la Herman Poole Blount. Akasema yeye si wa Alabama, ni wa sayari ya Zohali. Mwaka 1952 akalibadilisha jina lake mahakamani, akaiongoza bendi yake kwa mavazi ya kifarao na ya anga za juu hadi alipofariki mwaka 1993. Mtu mweusi aliyezaliwa Kusini ya Marekani siku zile, akaambiwa nafasi yake ni hii na asitoke, akajibu: natoka sayari nyingine. Uongo huo ni wake, na una maana kuliko cheti cha kuzaliwa. Lakini mwandishi hana haki hiyo juu ya maisha ya mwenzake. Bi Kidude akichezea umri wake, ni msanii kazini. Mwandishi akiuchapa bila kuuliza, ni uvivu.

MZEE MPIGA FIDLA: Mwanangu Mtangazaji, hapo sina la kuongeza. Ila nitetee kicheko kwa neno moja. Huyu Schickele nimemsikiliza jana usiku kwenye simu ya mjukuu. Kuna kipande amechukua simfoni ya tano ya Beethoven, akaweka watangazaji wawili wanaitangaza kama mpira. Okestra inapiga zile nota nne za mwanzo, mashabiki wanapiga mayowe, watangazaji wanapaza sauti kana kwamba timu imevuka nusu ya uwanja. Mjukuu wangu hajawahi kukaa kitako kusikiliza simfoni. Aliisikiliza yote sehemu ya kwanza, kwa sababu alitaka kujua nani atashinda! Akaniuliza, "Babu, mbona ule wimbo wa mwanzo umerudi?" Nikamwambia ndivyo ilivyojengwa, unaondoka na unarudi. Nimefundisha watoto fidla miaka mingi, na somo hilo huwachukua muhula. Na mnajua, mtu hawezi kukosea kwa mpango namna ile kama hajui kupatia. Pale panapotakiwa nota mbaya, inaingia mbaya barabara.

MTANGAZAJI: Ndiyo maana Wamarekani walimpa tuzo ya Grammy ya albamu ya vichekesho miaka minne mfululizo, 1990 hadi 1993.

MSIMAMIZI: Muda umekwisha. Kila mmoja neno la mwisho, fupi.

MTANGAZAJI: Hoja yangu imesimama, imepungua kidogo mabega. Kumbuni mwanamuziki ni halali, mradi umwache ngedere aonekane.

MWALIMU: Nilikuja kupinga, naondoka nikiwa nimehamisha pingamizi langu. Silielekezi tena kwa mcheshi. Nalielekeza kwa mwandishi wa habari na kwa mwenye kamusi.

MZEE MPIGA FIDLA: Mimi nataka tu mtu anayepiga vizuri aandikwe kwamba alipiga vizuri.

MSIMAMIZI: Basi nitoe hukumu, kwa kuwa kiti ni changu. Maisha ya kubuni ya mtu asiyekuwepo, yakitangazwa kwa sauti ya mzaha na mahali pa mzaha, ni kazi ya sanaa na hayamwibii mtu. Yakiingizwa kimya kimya mahali watu wanapokwenda kutafuta ukweli, ni utapeli, hata kama mwenyewe alikuwa anacheka. Msanii anayejitungia maisha yake anatumia mali yake. Mwandishi anayemtungia msanii wa kweli, hata kwa kumsifu, anamnyang'anya.

Wenzangu wa kalamu, tuna wazee wa taarabu, wa dansi na wa ngoma ambao wako hai leo, Unguja, Tanga, Mombasa, Lubumbashi. Wengi wao hakuna aliyewaandika. Kabla hatujaanza kusimulia vituko vyao, tuwaulize kwanza walijifunza kwa nani, walipiga ala gani, walilipwa nini na tungo zao ziko wapi. Mwaka usiojulikana tuandike kwamba haujulikani. Vituko waache wenyewe wavisimulie, maana wanavijua kutushinda.